Programu ya mauzo ya duka lako: inajua kuuza mafuta ya thelathini?

Kama una duka mtaani, huenda mwezi huu kuna mtu alikuja na tableti mkononi kukuuzia "sistimu". Anaongea haraka, anakuonyesha grafu za rangi, kisha anakwambia maduka yote ya barabara hiyo yameshajiunga, umebaki wewe tu. Namjua mtu huyo vizuri. Mwaka juzi nilikuwa mimi, na mteja wangu wa kwanza alikuwa shangazi yangu.

Ndiyo tu nilikuwa nimemaliza chuo, digrii ya masoko mkononi, kazi bado. Shangazi ana duka Majengo, Pumwani, kwenye zile nyumba za zamani, karibu na Gikomba. Pumwani ni mtaa wa tangu mapema miaka ya 1920, na maduka mengi ya huku ni chumba cha mbele cha nyumba ya mtu: dirisha lenye grili, kaunta, rafu tatu, mizani. Linauza kila kitu kwa udogo wake. Sukari robo, majani ya chai ya bob kumi, nusu mkate, sabuni ya kipande, kredo, mafuta ya kupima. Wasomi wanaita huo uchumi wa kadogo. Shangazi anauita Jumatatu hadi Jumapili.

Nikamwambia daftari limepitwa na wakati. Akauliza bei. Nikamwambia elfu thelathini na tano kwa jumla: programu, kompyuta ya mkono wa pili, printa ya risiti na skana. Akanyamaza kidogo, akatoa pesa za chama chake. Jina la programu nitaliacha, maana kosa kubwa halikuwa lake. Kosa lilikuwa kwamba sikuwahi kusimama nyuma ya ile kaunta hata jioni moja kabla ya kumnunulia.

Wiki ya kwanza tulifurahia skana. Biskuti, tii! Sabuni ya unga, tii! Ukiangalia paketi za bidhaa za hapa kwetu utaona mistari meusi yenye nambari inayoanza na 616, huo ndio msimbo wa Kenya, na skana iliisoma bila shida. Lakini robo ya sukari haina msimbo. Mafuta ya thelathini hayana msimbo. Nusu mkate ndiyo kabisa, kwa sababu ile nusu yenye msimbo ilishachukuliwa na mteja wa kwanza. Tukagundua kwamba skana inasoma vizuri sana vile vitu ambavyo havitoki haraka.

Halafu ukaja mwisho wa mwezi, tukatoa ripoti yetu ya kwanza ya stoki.

Ripoti ilisema hivi: jerikeni za mafuta zilizoingia, 3. Zilizouzwa, 0. Zinazopaswa kuwa dukani, 3. Dukani kulikuwa na moja. Upungufu jerikeni 2, thamani shilingi 10,000, yote kwa rangi nyekundu. Mafuta yalikuwa yameisha kweli, kila mtu aliyaona yakipimwa, na sistimu inasema hakuna hata tone lililouzwa. Sasa pesa imeenda wapi? Anayekaa kaunta kuanzia saa tisa hadi usiku ni kijana mmoja wa pale mtaani, miaka ishirini hivi, ambaye shangazi alimchukua akiwa bado shule. Shangazi hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Wewe pumzika kwanza nyumbani, nitakuita." Kijana akamtazama, akanitazama mimi, akavua aproni akaikunja juu ya kaunta.

Nilikaa na ile kompyuta siku mbili ndipo nikaona. Programu ilikuwa inakubali namba nzima peke yake: moja, mbili, tatu. Tulisajili mafuta kama jerikeni ya lita 20, na hakuna mtu Majengo anayekuja dukani kununua jerikeni. Kwa hivyo kijana, akiwa na watu saba dirishani, alikuwa anabonyeza kitufe cha "Mengineyo" na kuandika 30. Kila mara. Kipimo chetu cha thelathini ni mililita 100, kwa hivyo jerikeni mbili ni vipimo 400, sawa na shilingi 12,000. Kwenye "Mengineyo" ya mwezi huo kulikuwa na shilingi 11,760. Pungufu ni vipimo vinane, yaani yale yanayobaki yamenata kwenye jerikeni na yale yanayomwagika. Pesa zote zilikuwepo, ila zilikaa mahali ambapo ripoti haikuangalia, na mimi niliyeiweka sikumfundisha mtu kuangalia.

Nitarudi kwa kijana. Kwanza nikueleze tulivyochagua mara ya pili, kwa sababu naandika haya ili wewe uchague mara moja.

Mashine hizi zina asili yake. Mwaka 1879, huko Dayton, Ohio, Marekani, jamaa mmoja mwenye baa, James Ritty, alibuni rejista ya kwanza ya pesa kwa sababu alishuku wafanyakazi wake wanamwibia. Akaipa jina lenye maana ya "keshia asiyehongeka". Yaani tangu mwanzo kifaa hiki kimezaliwa na dhana kwamba mtu wa kaunta ni mwizi. Ndiyo maana mauzo mengi ya sistimu hadi leo huanza na swali, "Una uhakika kijana wako hakuibii?" Ukisikia hivyo, muulize naye: na sistimu yako ikikosea, nitajuaje?

Anza na kupima

Usianze na bei, wala grafu. Chukua vitu vyako vitano vinavyotoka zaidi, umwambie muuzaji avisajili mbele yako, hapo hapo. Kwa shangazi vilikuwa sukari, mafuta, unga, mkate na majani. Kisha mwambie: "Niuzie mafuta ya thelathini." Usimwambie ni mililita ngapi. Programu nzuri itakuruhusu uandike pesa, yenyewe ikatoe kiasi kutoka kwenye stoki. Inayofuata kwa ubora itakubali desimali, 0.1 ya lita, au itakuruhusu kutengeneza kitufe cha "Mafuta 30" chenye kipimo chake. Ikiwa haiwezi lolote kati ya hayo, mshukuru, mpe maji, mwache aende.

Halafu gunia. Unanunua sukari Nyamakima kwa gunia la kilo 50 na kuiuza kwa robo. Gunia moja ni robo 200. Programu lazima ijue kwamba hicho ni kitu kimoja chenye vipimo viwili, la sivyo utakuwa na "Sukari gunia" na "Sukari robo" kama bidhaa mbili ambazo hazijuani, na kila gunia likifunguliwa mtu akumbuke kutoa moja na kuongeza 200. Hatakumbuka. Na hata akikumbuka, hutapata robo 200 kamili. Sukari humwagika, mizani huegemea upande wa mteja, mtoto wa jirani huonja. Tafuta mahali pa kuandika upotevu peke yake, tofauti na mauzo. Bila hapo, upotevu wa kawaida na wizi huonekana sawa kwenye ripoti.

Jaribio lingine niliita jaribio la futari. Ramadhani, dakika ishirini kabla ya adhana ya magharibi, dirisha la shangazi halionekani kwa watu. Mmoja anataka unga na hamira, mwingine tende, mwingine mafuta ya hamsini na robo mbili za sukari. Hesabu vidole: kubonyeza mara ngapi hadi mauzo yaishe? Kijana wa duka hupiga hesabu hiyo kichwani kabla wewe hujatoa pesa mfukoni. Kama sistimu ni polepole kuliko kichwa chake, ataiacha saa ile yenye mauzo mengi, na utabaki na rekodi safi za saa nne asubuhi wakati hakuna wateja. Kwa hilo simwoni kuwa mkaidi. Usimruhusu muuzaji afanye jaribio hili mwenyewe, mpe simu yule atakayekaa kaunta.

Hapo utagundua kitu kingine: kwa duka la ukubwa huu pengine huhitaji kompyuta kabisa. Kuna programu za simu. Loyverse, kwa mfano, unaipakua bure kwenye Android na kuanza kuuza, ingawa mambo ya wafanyakazi na stoki ya ndani zaidi yanalipiwa. Sikwambii uichukue hiyo. Nakwambia unaweza kujaribu kwa simu uliyonayo kabla ya kutoa hata shilingi, na jaribio la wiki mbili ukiwa na daftari pembeni litakufunza kuliko maonyesho ya mtu mwenye tableti. Skana sisi tuliirudisha sandukuni.

Pesa ya till na pesa ya droo

Hapa ndipo kazi yetu sisi watu wa malipo ilipo, na ndipo naona maduka yakipotea zaidi.

Kila mauzo yana njia moja kati ya tatu: kesh, simu, au deni. Vitufe vitatu, visichanganywe. Jioni kesh ya kwenye droo ilingane na kitufe cha kesh, na taarifa ya till ilingane na kitufe cha simu. Rahisi, sivyo? Ila kuna mteja ambaye ananunua vitu vya 300, analipa 500 kwa till, anaomba arudishiwe 200 kesh. Unamjua. Programu inasema simu 300, till inasema 500, droo imepungua 200, na ukihesabu usiku unaona wizi pale ambapo kuna ukarimu tu. Muulize muuzaji programu yake inashughulikiaje chenji ya namna hiyo. Asipoelewa swali, hajawahi kuuza duka la mtaani.

Swali la pili ni nani anaona pesa ikiingia. Zamani ujumbe wa till ulikuwa unaingia kwenye simu ya shangazi, na shangazi yuko Nyamakima anatafuta bei ya mchele. Mteja anamwonyesha kijana ujumbe kwenye simu yake: "Nimetuma, angalia." Kijana anapiga simu, haishikwi, foleni inanung'unika, anampa bidhaa. Ujumbe wa mteja si malipo, bana. Mtu anaweza kuutengeneza akiwa kitandani. Kinachohesabika ni uthibitisho ulioingia upande wako, na aliye kaunta ndiye anayefaa kuuona, kupitia simu ya duka au kupitia programu iliyounganishwa na till. Kwa M-Pesa, uunganishaji huo hupitia mlango wa Safaricom unaoitwa Daraja. Ukiunganishwa vizuri, malipo yanajitokeza kwenye kioo yenyewe na hakuna anayesoma simu ya mtu. Pia tangu Aprili 2022 mteja wa Airtel Money anaweza kulipa kwenye till ya Lipa Na M-Pesa, kwa hivyo hakikisha malipo yake nayo yanaonekana kwenye programu, si ya mtandao mmoja tu.

Lakini muulize anayekuunganishia: pesa inapumzika wapi kabla ya kunifikia? Baadhi ya mipango hupeleka malipo kwenye akaunti ya mwenye programu kwanza, kisha yeye ndiye anakutumia kesho au keshokutwa. Inaweza kuwa halali kabisa na imeandikwa kwenye mkataba, ila wewe unayenunua mkate asubuhi kwa pesa ya jana lazima ujue. Jitumie shilingi kumi uone jina linalotokea. Liwe la duka lako. Na hakuna fundi wa programu anayehitaji nambari yako ya siri, hata "kidogo tu nimalizie kuset".

Deni nalo. Programu nyingi nilizoziona zinajivunia kadi za pointi za wateja waaminifu na hazina mahali pa kuandika "Mama Zai, 150, atalipa Ijumaa". Majengo bila deni hakuna duka, hata pale palipobandikwa "Leo kesh, kesho mkopo". Tafuta yenye daftari la madeni ndani, inayokubali mtu alipe kidogo kidogo. Kumbuka pia ukishaweka majina na nambari za simu za watu umeshika data yao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa hata wewe wa dirisha la grili. Kijana mpya wa wiki moja hahitaji kuona nani anadaiwa nini.

KRA, stima na siku ya kuachana

Watu wengi wanadhani kodi ya mauzo ni ya maduka makubwa. Piga hesabu. Kodi ya mauzo ghafi inaanzia shilingi milioni moja kwa mwaka hadi milioni 25. Milioni moja gawanya kwa siku 365 ni kama shilingi 2,740 kwa siku. Duka la kawaida la mtaani linapita hapo bila kujua. Tangu Julai 2023 kiwango ni asilimia 3, na ni ya mauzo yote, si ya faida: ukiuza 6,000 kila siku, mwaka mzima ni 2,190,000, na kodi yake ni 65,700. Inalipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ndiyo sababu ripoti ya mauzo ya mwezi, ile ya mstari mmoja, ina thamani kuliko grafu zote.

Kisha kuna eTIMS. Tangu Januari 2024, mfanyabiashara anayenunua kwako anahitaji ankara ya eTIMS ili gharama hiyo ihesabiwe kwenye kodi yake. Kama unauzia hoteli ya jirani au shule, watakuomba. Muuzaji akisema programu yake "iko tayari kwa eTIMS", usibishane naye, angalia orodha ya walioidhinishwa kwenye tovuti ya KRA. KRA yenyewe ina njia za bure za kutoa ankara, kwa hivyo usikubali kulipia sistimu nzima kwa sababu ya hofu hiyo peke yake. Na kama mauzo yako yanafika milioni 5 kwa mwaka, hapo ni VAT, na programu iweze kuweka kiwango tofauti kwa kila bidhaa. Unakumbuka kelele za mkate mwaka 2024? Mkate wa kawaida ulibaki bila ile asilimia 16, sabuni inayo.

Stima nitaipitia haraka: izime intaneti mbele ya muuzaji, uza vitu vitatu, iwashe, uone kama vimeingia. Kama haiuzi bila bando, si ya Eastlands.

Cha mwisho ni swali ambalo hakuna mtu anapenda kuuliza siku ya harusi. Ukiacha kulipa ile ada ya mwezi, rekodi zako zinaenda wapi? Mwambie akuonyeshe jinsi ya kutoa mauzo yote, stoki na madeni katika faili la Excel, na umwone akifanya. Ile programu yetu ya kwanza haikuwa na kitufe hicho. Tulihama na daftari, kwa sababu shangazi, bila kuniambia, alikuwa ameendelea kuandika.

Sasa kijana. Nilipomwonyesha shangazi ile 11,760 aliiangalia kwa muda, akafunga duka saa nane mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona hata siku ya mvua, tukatembea hadi kwa mamake Shauri Moyo. Kijana alikuwa ameshapata kibarua Gikomba cha kubeba marobota ya mitumba. Shangazi alimwomba msamaha mbele ya mamake. Mimi pia. Alisikiliza, akasema atafikiria, na alifikiria hadi Idd ikapita.

Alirudi kwa sharti moja. Kwenye programu mpya, kila mtu awe na nambari yake ya siri ya kuingilia: mauzo yake yaandikwe kwa jina lake, ya shangazi kwa jina la shangazi, na mimi nikija kusaidia wikendi, kwa jina langu. Hata nilipokuwa nikikagua programu za kwanza kabisa niliona kipengele hicho, nikadhani ni cha tajiri kumchunga mfanyakazi. Yeye alikitaka kwa sababu siku ripoti itakapokuwa nyekundu tena, aweze kufungua ya kwake na kusema, mimi ni hii hapa.

Ndiye aliyetengeneza kitufe cha "Mafuta 30". Kipo juu kabisa kushoto, kabla hata ya mkate. Nambari yake ya siri hajampa mtu, na shangazi hajawahi kumwuliza.